Binti wa Njoro Aliyevuka Bahari Kusomea Udongo

Ndugu msomaji, ukifika Moshi asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajakusanyika, desturi ni kusimama na kuutazama mlima. Wageni wote hufanya hivyo, na wenyeji pia, ingawa wao hujifanya wanatazama kitu kingine. Leo nakuomba uupe mlima kisogo. Kiache kituo cha mabasi na kelele zake, uteremke polepole kuelekea Njoro, na macho yako yawe chini, pale unapokanyaga.

Utajua kwamba umefika utakapoona miti imekuwa mikubwa na kivuli kimekuwa kizito, na vumbi la mjini limegeuka kuwa tope hata siku ambayo mvua haikunyesha. Hapa pana chemchemi. Sehemu moja ya mtaa huu huitwa Njoro ya Dobi, na jina hilo halihitaji mfasiri: penye maji mengi na masafi ndipo dobi anapotandika kazi yake. Maji hayo ni mvua iliyonyesha juu mlimani. Ilizama ardhini, ikapenya katika miamba ya volkano, ikasafiri gizani, ikaja kutokeza tena hapa chini. Mto Njoro huyapokea na kuyapeleka Mabogini, ambako hunywesha mpunga.

Kwa mtu wa kawaida, kama mimi, safari hiyo ya maji ni maajabu ya kutosha. Mwenyeji wangu hapa Njoro alinitazama kwa huruma niliposema hivyo. Alisema maji ni mchukuzi tu. La maana ni mzigo anaoubeba.

Mwenyeji wangu ni binti wa mtaa huu. Ameniomba nisimtaje jina, kwa kuwa majirani wameshampa jina la Dada Udongo, naye anaona jina moja la kuchekwa linamtosha. Baba yake ni mfanyakazi mstaafu wa reli. Nyumba yao ni ya vyumba vinne, yenye mgomba mmoja nyuma ya jiko, mgomba ambao mama huuhudumia kana kwamba ni shamba zima. Shamba lenyewe, kihamba cha ukoo, liko Uru, juu huko mlimani, na anayelikalia ni bibi, mama mzaa baba. Familia nyingi za Njoro zinaishi hivyo, mguu mmoja mjini na mguu mwingine kihambani. Siku za wiki ni za mshahara au biashara. Jumamosi ni ya kupanda daladala kwenda kuchukua ndizi.

Binti huyu alisoma shahada ya kwanza ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Baadaye alipata barua kutoka Ubelgiji, ya kumkaribisha kusoma shahada ya pili, yaani uzamili, katika Chuo Kikuu cha Ghent, kwa msaada wa fedha unaotolewa kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Barua ilipofika Njoro palikuwa na furaha kubwa, hadi jirani mmoja alipouliza anakwenda kusomea nini. Akaambiwa: udongo. Mama anasema kimya kilichofuata kingeweza kukatwa kwa kisu. Wenziwe huvuka bahari kusomea udaktari, sheria au uhandisi. Bibi naye, aliposikia kule Uru, aliuliza swali ambalo ukoo mzima unalirudia mpaka leo: "Huko Ulaya wana matope gani ambayo sisi hatuna?"

Swali hilo si la kipuuzi, ndugu msomaji, na ndilo lililonileta Njoro.

Jibu la kwanza ni kwamba Ulaya haina matope bora kuliko yetu, ina maabara. Tangu mwaka 1963 mji wa Ghent umekuwa na kituo cha kuwafunza wataalamu wa udongo kutoka nchi mbalimbali, na kozi anayoizungumzia mwenyeji wangu ni mjukuu wa kituo hicho. Masomo huchukua miaka miwili, kwa lugha ya Kiingereza. Darasani alikaa na vijana wa Ethiopia, Vietnam, Ekwado na Indonesia, kila mmoja akiwa na mlima au bonde lake kichwani. Alikuwamo pia Mkenya mmoja aliyesoma Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, nacho kiko mahali paitwapo Njoro, karibu na Nakuru. Siku ya kujitambulisha, kila mmoja wao alisema ametoka Njoro, na mwalimu akadhani wanamfanyia mzaha. Kuanzia siku hiyo wawili hao walikuwa ndugu. Walikuwa wakichangiana unga wa ugali, ambao ulikuwa ukipatikana katika duka moja la Waafrika kwa bei ambayo mama wa Njoro akiisikia atashika kichwa.

Habari za baridi sitazikalia, maana kila arudiye kutoka ng'ambo hutusimulia hizo hizo. Jua la Desemba huzama kabla ya saa 11 jioni. Mtu huingia maabara gizani na kutoka gizani. Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa simu. Nyumbani watu waliamini kwamba aliyeko Ulaya yuko bombani, anafungua tu fedha zinatoka. Mmoja ada ya shule, mwingine bati, mwingine mtaji wa duka. Posho ya mwanafunzi ni ya kodi ya chumba, chakula na vitabu, na aliyekuwa akituma kidogo alikuwa akikata tumbo lake. Hakulalamika aliponieleza haya. Alikuwa akiosha karoti, na aliendelea kuziosha.

Nilimwuliza ni siku gani huko ng'ambo anayoikumbuka kuliko zote. Nilitegemea ataniambia theluji. Akaniambia ni siku ya somo la katena.

Neno hilo la Kilatini maana yake ni mnyororo. Mwalimu alichora mteremko ubaoni, kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, akaeleza kwamba udongo wa juu, wa katikati na wa chini, ingawa tofauti kwa rangi na tabia, ni pingu za mnyororo mmoja. Kinachooshwa juu hukusanyika chini. Huwezi kuuelewa udongo wa bondeni usipoujua wa kilimani. Kisha akataja aliyelianzisha wazo hilo: Geoffrey Milne, mtaalamu Mwingereza aliyelitangaza mwaka 1935, akiwa kazini Amani, Tanganyika.

Binti wa Njoro alikaa wima kitini. Amani! Amani ya Usambara, katika mkoa wa jirani, Tanga, ambako Wajerumani walijenga kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na Waingereza wakakirithi. Alikuwa amesafiri hadi Ubelgiji, akavaa makoti mawili, ili afundishwe wazo lililozaliwa nyumbani kwao. Tena Milne, aliyefariki mwaka 1942, hakuitembelea nchi tupu isiyo na wajuzi. Wasukuma tangu zamani walikuwa na majina ya udongo kufuata mteremko: luseni ya mchanga kule juu, itogolo na ibambasi zilizo ngumu kwa jembe, na mbuga nyeusi kule chini inayonata masika na kupasuka kiangazi. Neno letu mbuga liliingia katika vitabu vya wataalamu wa Afrika Mashariki likiwa hivyo hivyo lilivyo. Sijui kama kuna aliyemwambia mkulima wa Usukuma kwamba neno lake linasomwa vyuoni. Nadhani hakuna.

Mwenyeji wangu anasema siku hiyo alicheka peke yake njiani, juu ya baiskeli, hadi watu wakamtazama. Na siku hiyo ndipo alipochagua utafiti wake: angerudi nyumbani katika mwaka wa pili, achimbe mashimo sita kwa mstari mmoja, kutoka Chekereni tambarare, kupitia ukanda wa Njoro, hadi kihamba cha bibi yake na kuendelea juu hadi ukingo wa msitu. Angeusoma mlima kama mnyororo.

Kuchimba kulikuwa rahisi kuliko kusafirisha. Nchi za Ulaya haziruhusu udongo wa kigeni kuingia ovyo, kwa kuhofia wadudu na magonjwa ya mimea. Lazima uwe na barua ya idhini ya utafiti. Hivyo udongo wa Uru, ambao bibi huukung'uta miguuni kabla ya kuingia ndani, ulikwenda Ulaya una hati zake kama mwanadiplomasia. Kabla ya hapo uliandaliwa: ulianikwa kivulini juu ya magazeti (nilifurahi kusikia magazeti yana kazi hiyo pia), ukapondwa, ukapitishwa katika chekeche la matundu ya milimita 2, ukafungwa katika mifuko yenye namba. Kule maabara ulipimwa uchachu wake, mboji yake, madini yake, na uwezo wake wa kushika chakula cha mmea. Vipande vingine vilitiwa gundi vikawa vigumu kama jiwe, vikakatwa na kusuguliwa hadi unene wa sehemu 3 za mia za milimita, mpaka mwanga ukapita. Akaviweka chini ya hadubini. Anasema udongo wa kwao, ukiutazama hivyo, unafanana na kitenge.

Kesho yake nilifuatana naye kuupanda mnyororo huo. Tulianzia chini kabisa.

Chekereni na Mabogini ni nchi ya mpunga. Skimu ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Japani kati ya mwaka 1984 na 1987, na maji yake ni ya mito ya Rau na Njoro. Mtu wa Dar es Salaam akifika hapa asubuhi, akaona mashamba ya kijani yamenyooka kama daftari na theluji ya Kibo imekaa juu yake, atadhani amefika peponi. Dada Udongo aliniongoza hadi kona moja ambako mpunga ulikuwa wa manjano na mfupi. Juu ya tuta palikuwa na utando mweupe. Akauchota kidole kimoja, akauonja, akanipa na mimi. Ulikuwa na ladha ya magadi.

"Huu ndio mzigo niliokuambia," alisema.

Miamba ya volkano ina sodiamu. Maji yakipita katika miamba huiyeyusha kidogo kidogo, hata usiionje kikombeni. Yakifika tambarare na kutandazwa shambani, jua huyanyanyua maji na kuiacha chumvi. Ikizidi, sodiamu huzitawanya chembe za mfinyanzi. Chembe zilizotawanyika huziba vitundu vya udongo. Maji hayapiti tena wala hewa, na mizizi hukosa pumzi. Mashamba ya miwa ya TPC, kusini zaidi, yamepigana na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Dawa inajulikana: mitaro ya kutolea maji, na jasi, ambayo kalsiamu yake huichukua nafasi ya sodiamu ili ioshwe na kwenda zake. Jasi haiko mbali. Inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, katika mkoa huu huu.

Mzee mmoja aliyekuwa akizibua mfereji alitusikiliza. Alimwamkia binti kwa jina lake la nyumbani, binti akajibu kwa shikamoo, na mzee akauliza kama yale majibu ya shimo la mwaka juzi yameshatoka. Yametoka, akaambiwa. Akaketi juu ya tuta. Kwa muda wa karibu saa nzima alielezwa, kwa Kiswahili, bila neno moja la maabara, na akauliza maswali ambayo nadhani yangemtoa jasho mwalimu wa Ghent: Je, mtaro mmoja ukichimbwa na jirani asipochimba wake, chumvi si itarudi kwangu? Itarudi. Na gharama ya gari la jasi kutoka Makanya, atailipa nani? Hapo Dada Udongo hakuwa na jibu, na hakujifanya kuwa nalo.

Nami nasema, bila kumung'unya maneno: saa ile moja juu ya tuta ndiyo iliyokuwa mahafali yake. Mwaka 1972, kule Iringa, TANU ilitangaza kwamba siasa ni kilimo, na tangu wakati huo tumewasikia wasemaji wengi wa kilimo. Mtaalamu anayerudi kwenye shimo alilochimba ili ampe mwenye shamba majibu, huyo ni adimu. Wengi huchukua udongo wa mkulima, wakapata shahada, na mkulima akabaki na shimo.

Tulirudi mjini, tukabadili gari, tukapanda kuelekea Uru. Kila ulipopanda, udongo wa kingo za barabara ulibadilika rangi, wa kahawia, kisha mwekundu uliokoza, na juu zaidi ukawa mweusi mweusi, mwepesi, unaobonyea mkononi kama keki. Huo wa juu hutokana na majivu ya volkano, na jina lake la kitaalamu, andosoli, limetoka katika maneno mawili ya Kijapani yenye maana ya udongo mweusi. Kwa hiyo Wajapani wako chini kwenye mpunga na juu kwenye jina. Wengi wetu tunaamini udongo huo una kila kitu. Ni kweli hushika maji na mboji vizuri sana. Lakini kwa fosforasi ni bahili: unaitia, naye anaikumbatia, mgomba haupati kitu. Mkulima anayenunua mbolea ya chumvichumvi kwa fedha ya mkopo na kuitawanya tu huwa anaulisha udongo, wala si mmea. Mbolea hiyo yafaa iwekwe karibu na shina, ichanganywe na samadi.

Kihamba cha bibi ni kama nusu eka. Migomba juu, mibuni chini yake, magimbi kando ya mfereji, na zizi la ng'ombe mmoja na ndama wake nyuma ya nyumba. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19; mwaka 1933 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU; na kwa kahawa hiyo watoto wa mlima walisomeshwa hadi wakatosha kuendesha ofisi za nusu ya nchi, jambo ambalo makabila mengine hatukosi kulitania. Watoto wakasoma, wakaongezeka, na kihamba hakikuongezeka. Baba aliwagawia wana, wana wakawagawia wana wao. Leo ukoo mzima unaweza kusalimiana bila mtu kutoka barazani kwake.

Bibi alitupokea kwa mbege mimi, na kwa lawama mjukuu wake, kuwa amekonda. Kisha akatupeleka nyuma ya zizi. Hapo lilikuwapo shimo la nne kati ya yale sita, limefunikwa kwa mbao na bati kuukuu. Kwingine kote mashimo yalikwisha kufukiwa. Hili bibi alikataa lisifukiwe mpaka aambiwe kilichoonekana ndani yake.

Dada Udongo alishuka shimoni, akatufunulia ukuta kwa kisu. Karibu na zizi tabaka jeusi lilikuwa nene, likipita urefu wa mkono wangu. Kisha akatuonyesha kishimo kidogo alichokichimba mpakani mwa shamba, ambako samadi haifiki; kule weusi ulikuwa wa kiganja tu. Shamba moja, mvua moja, na umbali wa hatua hamsini.

Mvua, alieleza, huuteremsha mlima kila mwaka. Hilo vitabu vyote vinasema. Hakuna kitabu alichosoma Ghent kilichomwonyesha njia ya kurudi juu. Aliiona mwenyewe, akiwa ameketi maabara usiku, akijiuliza rutuba hii karibu na zizi imetoka wapi wakati kihamba kimelimwa vizazi na vizazi. Ikamjia sura ya bibi yake enzi za nguvu zake, na ya shangazi zake, wakitoka tambarare na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, alfajiri, njia yote ya kupanda. Majani yale yameota katika udongo wa chini. Ng'ombe wa zizini akayala, samadi ikaenda kwenye migomba. Kilichoteremshwa na maji kilikuwa kikipandishwa na wanawake. Aliandika hivyo katika tasnifu yake, kwa lugha ya kitaalamu na majedwali, na wasimamizi wake wakalipenda sana pendekezo hilo. Shule ya mlima huu ilikuwa juu ya shingo za akina mama, na hakuna aliyekuwa akiihesabu.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kumbe shingo inaniuma bure, nimejaza shimo la mtu mwingine." Sote tukacheka, ila mimi nilichelewa kuelewa. Nilieleweshwa baadaye, njiani.

Kwa desturi za hapa kihamba humfuata mtoto wa kiume, na nyumba ya wazazi aghalabu humwangukia kitinda mimba. Baba wa mwenyeji wangu ndiye kitinda mimba aliyekirithi hiki. Baada yake kitakwenda kwa mwanawe mdogo, kijana mchangamfu mwenye pikipiki ya abiria mjini. Kijana ameshapiga vigingi. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha, kwa kuwa mji unapanda mlima na wapangaji wanatafuta hewa safi. Vigingi hivyo vimepita juu ya tabaka lile lile nene la nyuma ya zizi. Sehemu ile ni tambarare, asema, na haihitaji msingi mrefu.

Msomaji utauliza sheria inasemaje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika kumiliki ardhi. Mwenyeji wangu anaijua. Nilipomwuliza kwa nini haidai, alinijibu kwamba hakwenda Ulaya ili arudi na kesi mkononi dhidi ya mdogo wake, ambaye alimbeba mgongoni. Wala simlaumu kijana. Kahawa na ndizi za nusu eka hazimwozeshi mtu, na kodi ya vyumba vitatu ni fedha ya kila mwezi. Lakini nakiri kwamba niliposimama pale, nikaona weusi wote ule uliopandishwa kichwani kwa miaka mingi ukingoja kumwagiwa zege, nilihisi kitu kifuani.

Kuna barua nyingine mezani kule Njoro. Chuo kimoja cha ng'ambo kinamkaribisha kusoma shahada ya tatu, miaka minne. Hapa nchini ameomba kazi mahali kadhaa na bado anasubiri. Kwa sasa huwapimia udongo vikundi vya wakulima wa mpunga, kwa malipo ambayo wakati mwingine huja kwa magunia. Baba yake, mtu wa reli na wa kadi, humkumbusha mfano wa Mwalimu Nyerere, kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula; asiporudi ni msaliti. Binti haubishii mfano huo. Siku moja alimwuliza baba yake swali moja tu: na akirudi na mzigo, akakuta hakuna aliyewasha moto? Mzee alinyamaza, akafungua redio.

Mchana ule pale Uru bibi aliamua shimo lifukiwe. Amekwisha kuambiwa, na ndama asije akatumbukia. Kijana wa pikipiki alikuwa amefika kumchukua dada yake, akavua koti, akashika beleshi. Udongo uliotolewa ulikuwa katika marundo mawili, moja jekundu na moja jeusi. Akaanza na jeusi kwa kuwa lilikuwa karibu naye.

"Acha hilo!" bibi alisema kwa ukali. "Jeusi ni la mwisho. Ukilizika chini, juu utapanda nini?"

Kijana akahamia rundo jekundu. Dada yake alichukua beleshi la pili, wakafanya kazi pamoja bila kusema, hadi shimo lilipobakiza kina cha magoti. Hapo kijana akapumzika, akauliza ni muda gani unaopita hata udongo mweusi kiasi kile ukajifanya wenyewe, bila samadi. Akaambiwa, kwa sentimita chache tu, mamia ya miaka. Akatazama rundo jeusi, akatazama vigingi vyake, akatema mate viganjani na kuendelea.

Tulipoondoka vigingi vilikuwa bado vimesimama, vyote vinane. Kwenye kimoja bibi alikuwa amemfunga ndama.